Suti ya Rangi ya Damu ya Mzee

Ofisini walimwita Bi Nadhifu, na jina hilo lilimtisha kuliko tusi. Alikuwa mpokezi katika ofisi ya mawakili, ghorofani, na alipoajiriwa wakili mkuu alimwambia, "Wewe ndiye uso wetu. Mteja akikuona wewe, ametuona sisi." Uso alikuwa nao. Nguo hakuwa nazo, ila sketi mbili nyeusi, blauzi za kuungaunga, na viatu vilivyopakwa rangi mpaka vikasahau vilizaliwa na rangi gani.

Dada yake mkubwa alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa mtaani kwao, na yeye ndiye aliyeleta wazo. Nguo za wateja zikishafuliwa hukaa zimetundikwa siku kadhaa kabla wenyewe hawajazifuata.

"Unavaa asubuhi, jioni unanirudishia, napiga pasi, natundika. Nani atajua?"

"Na mwenyewe akija mchana?"

"Namwambia haijakauka. Acha woga, mdogo wangu, utazeeka kabla hujaolewa."

Alikubali, lakini woga haukumwacha. Bi Nadhifu alikula chakula cha mchana amesimama, kanga imemzunguka shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Hakuegemea ukuta. Hakunyanyua mikono, kwa kuogopa jasho la kwapa. Kila lifti ilipofunguka, jambo la kwanza alilolitazama ni macho ya aliyeingia, kama yatashuka kwenye nguo. Wenzake walipomsifia, alijifanya anatafuta faili.

Siku moja alikuwa amevaa suti ya rangi ya damu ya mzee, imemkaa kama aliyepimwa. Akaingia mama mmoja wa makamo, mwembamba kama yeye, amebana bahasha kwapani. Alikuwa mteja mpya.

"Nina miadi na wakili mkuu."

"Karibu, mama. Keti, nimjulishe."

Mama hakuketi. Alikuwa akitazama kifungo cha chini cha koti. Bi Nadhifu naye akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kifungo kile kilikuwa cheusi, kikubwa kuliko vingine, kimeshonwa kwa mkono.

"Suti nzuri," mama alisema polepole. "Umeipata wapi?"

"Nili... nilishonewa, mama."

"Na fundi akakuwekea kifungo cha koti la marehemu mume wangu?"

Kabla hajajibu, mlango wa ndani ukafunguka na wakili mkuu akatokeza akitabasamu. "Karibu sana! Naona mpokezi wetu ameshakuhudumia."

"Ameshanihudumia," mama akajibu bila kuondoa macho kwenye koti. Wakaingia, mlango ukafungwa.

Bi Nadhifu alimpigia dada yake, vidole vikiteleza kwenye simu.

"Mwenye suti yuko hapa!"

"Mungu wangu! Alipita kwangu asubuhi, nikamwambia haijakauka." Yule dada asiyejua woga alianza kulia. "Usinitaje. Nikifukuzwa, watoto watakula nini? Nakuomba, usinitaje."

Simu ikakatika. Nyuma ya mlango sauti zilisikika, lakini maneno hayakusikika. Sauti ya wakili ilipopanda alijua siri ndiyo imetoka. Iliponyamaza, alijua inakaribia kutoka. Aliwaza kukimbia. Lakini akimbie na nguo ya nani?

Mama alipotoka, aliomba aonyeshwe choo. Bi Nadhifu alitangulia. Walipoingia, mama alifunga mlango kwa komeo.

"Vua."

Akavua koti, akabaki na blauzi iliyopauka, amejikunyata.

"Nani alikupa?"

"Nimeiiba mwenyewe, mama. Dada hajui lolote."

"Dada yupi?"

Alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama alikunja koti taratibu.

"Kumbe yule mpiga pasi ni dada yako. Ulidhani hii ni ya tajiri? Kesho nasimama mahakamani dhidi ya ndugu wa mume wangu, wanataka kunitoa kwenye nyumba. Sina nyingine ya kunisitiri mbele yao. Ungeichana leo je?"

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama nitakusamehe." Akalitia koti kwenye mkoba. "Sketi nitaifuata jioni. Mwambie dada yako iwe imekauka."

Bi Nadhifu alirudi mezani. Wakili mkuu alipita, akauliza koti liko wapi. "Joto, bosi," alisema, naye akaendelea na simu yake.

Jioni dada yake alipiga pasi ile sketi. Mama aliipokea, na hakurudi tena kwa dobi yule. Tangu siku hiyo hakuna nguo ya mteja iliyotoka pale bila mwenyewe kujua. Bi Nadhifu alirudia sketi zake mbili, akizifua usiku na kuzivaa asubuhi bado zina unyevunyevu kiunoni, na hakuna aliyesema kitu.

Ila kesi ya nyumba ilivuta miezi. Kila mara mama yule alipokuja, alisimama mbele ya meza muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Hujambo, binti?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Kisha aliingia kwa wakili mkuu na kufunga mlango, na Bi Nadhifu alibaki nje, ameshika kalamu bila kuandika, akisikiliza kama leo ndiyo siku ambayo mama atamwambia bosi habari ya suti.