Kurasa Nane za Penseli

Mervyn Tulloch alifariki Jumanne asubuhi, mwezi Machi 1958, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa soksi. Nilifika kazini nyumbani kwake Marrickville, kitongoji cha Sydney, saa tatu kama kawaida, nikamkuta mkewe, Ivy, amesimama mlangoni ameshika soksi ya pili.

"Usiingie na kelele, Noreen," aliniambia, kana kwamba mumewe amelala.

Kwa miaka kumi na minne Mervyn alichora kwa penseli, mimi nikapitisha wino juu ya mistari yake. Hadithi zetu za picha zilitoka kila mwezi, zikimhusu Nell Garrity, rubani anayepeleka posta kwenye mashamba ya mbali, huko kwenye nyika kame. Mervyn aliingia kazi hii wakati wa vita, vitabu vya picha vya Wamarekani vilipozuiwa kuingizwa nchini na wachapaji wa Sydney wakawa wanamtafuta yeyote anayejua kushika penseli. Kabla ya hapo alikuwa akichora matangazo ya kofia. Ndege alizichora vizuri, mawingu vizuri zaidi, na farasi vibaya kabisa.

Wino ukikauka, nilichukua raba nikafuta penseli yote, maana kamera ya mchapaji huona hata kivuli cha mstari na kukigeuza uchafu. Kwa hiyo kila alichokichora Mervyn, mimi nilikifuta. Nilifuta hata maneno aliyoniandikia pembeni. "Bibie, farasi huyu ana miguu mitano. Chagua minne." Au: "Ukinuna leo Nell naye atanuna, kunywa chai kwanza."

Nami nilimjibu kwa sauti kutoka meza ya jikoni. "Huyu ni farasi au kochi?"

Naye huko barazani: "Mpandishe mtu juu. Asiposogea, ni kochi!"

Siku tatu baada ya mazishi Ivy aliniita. Kwenye ubao wa kuchorea wa Mervyn kulikuwa na kurasa nane za penseli, mwisho wa hadithi: Nell ameishiwa mafuta, ndege inashuka juu ya ziwa la chumvi lililokauka. Mhariri wetu, Bwana Hannaford, alikuwa amepiga simu mara mbili. Alizitaka Ijumaa.

"Hazifutwi," Ivy alisema. "Nimepekua nyumba nzima. Miaka yote hiyo, na mkono wake umebaki kwenye hizi tu na orodha ya vitu vya dukani."

Sikubishana. Mimi mwenyewe sikutaka kuzigusa. Nilimpigia Bwana Hannaford nikamwambia haiwezekani.

"Noreen, dada yangu," alisema, "nina rundo la barua za watoto hapa, wote wanauliza kama Nell atatua salama. Niwajibu nini? Kwamba bado yuko hewani?"

"Wajibu hivyo."

"Na hili ndilo toleo la mwisho. Vitabu vya Marekani vinarudi. Tunafunga."

Nilirudi barazani kuzifunga zile kurasa nimwachie Ivy. Ukurasa wa nane ukanisimamisha. Nell ameshatua, amesimama kando ya ndege, na uso wake ni duara tupu. Pembeni Mervyn ameandika: "Bibie, uso sijaupata. Nimejaribu mara nne. Uchore wewe, unamjua kuliko mimi." Na chini yake: "Farasi nimemficha nyuma ya ndege. Utaona mkia tu. Usinishukuru."

Nilimpa Ivy asome. Alisoma mara mbili, akacheka mpaka akajikuta amekaa kwenye kiti cha Mervyn, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Mshenzi huyu," alisema, akijipangusa macho kwa aproni. "Hakumaliza."

"Hakumaliza."

"Na alijua utayafuta haya?"

"Alijua. Kila siku aliandika akijua."

Aliutazama ule uso mtupu. "Basi maliza. Lakini raba nitaishika mimi. Wewe umemfuta miaka kumi na minne, shoga yangu. Zamu hii ni ya mke wake."

Wino ulinichukua siku tatu. Nell nilimchora amechoka, vumbi la chumvi kwenye nyusi, karibu kutabasamu. Kila ukurasa ulipokauka nilimpa Ivy. Alisoma kwanza maneno ya pembeni kwa sauti, kisha akaanza kufuta.

"Usikandamize sana," nilimwambia. "Peleka upande mmoja."

"Nimemsugulia kola za mashati miaka ishirini na miwili. Leo ndiyo unifundishe kusugua?"

Hakuchafua hata mstari mmoja.

Ijumaa saa sita mchana tarishi alizichukua. Maneno ya Mervyn niliyoyaandika hapa ni yale ninayoyakumbuka, mengine yamenitoka. Toleo litakuwa madukani Jumatano. Jumatatu inayofuata naanza kazi kwa wachapaji wa lebo za makopo ya matunda. Wamesema nitaanza na mapichi.