Maji Yaliyokataa Kuzunguka

Kama kuna mama aliyejua kujivunia mtoto Silibwet nzima, basi ni Rodah, na asiyependa kusikia alijizoesha. Winny wake alikuwa mhandisi, tena wa kusomea hadi akamaliza! Akarudi nyumbani na pipa la plastiki linaloonyesha ndani, refu kumfika kifuani, akasema litasafisha maji machafu ya kiwanda cha majani chai.

Maji hayo yalinuka jamani. Yalitoka kuosha mashine, yakalala kwenye dimbwi nyuma ya kiwanda, na watu wa mtoni walikuwa wamelalamika hadi wakachoka. Winny alisema kuna vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu huo, mradi vipate hewa. Ndani ya pipa alisimamisha bomba lililo wazi juu na chini. Hewa ikipulizwa chini ya bomba, maji yaliyomo yanajaa mapovu, yanakuwa mepesi, yanapanda na kumwagikia nje ya bomba. Hapo mapovu yanatoroka, maji yanakuwa mazito tena, yanashuka kando ya bomba na kuingia chini upya. Hakuna mwiko wa kukorogea, ni hewa tu.

Bodi ya kiwanda iliahidi kuja kujionea. Maji yakizunguka, Winny atajenga mtambo mkubwa. Yasipozunguka, kazi inapewa kampuni ya Nairobi, naye arudi huko huko Nairobi kutafuta kibarua. Rodah alikuwa amechoka kuwa na mtoto wa kwenye simu.

Wageni walipofika langoni, Winny alikimbia kuwapokea, akamwachia mama yake kazi ya kumalizia kujaza pipa. Sasa, Rodah ni mtu ambaye mursik wake, maziwa ya kibuyuni, unaagizwa hadi Sigowet watu wakiwa na harusi. Hajawahi kujaza kibuyu mpaka mdomoni, kwa sababu maziwa yanayochacha yanataka pa kupumulia. Na pipa hili, si nalo litatoa mapovu? Akaacha nafasi ya kiganja kizima, akaweka ndoo chini, akaridhika.

Winny alitupia majani chai kidogo ndani ili mwendo wa maji uonekane, akawasha pampu. Mapovu yakapanda. Majani yaliyokuwa ndani ya bomba yakachezacheza, ya nje yakakaa kimya kama wageni wasiokaribishwa. Weldon, mwenyekiti wa bodi, mtu asiyependa kupotezewa wakati, akasema anachokiona ni sufuria inayochemka bila moto. Mwenzake mmoja alishaanza kuelekea kwenye gari.

Winny alichuchumaa, akaangalia maji yalipoishia, akaangalia mdomo wa bomba. Akauliza kwa upole ni nani aliyemalizia kujaza.

“Ni mimi,” Rodah akasema mbele ya watu wote. “Niliacha nafasi, vile tunaachia mursik.”

Wazee wa bodi walicheka, hata Weldon, maana wote walilelewa kwa vibuyu hivyo. Rodah alitamani ardhi immeze. Winny hakucheka. Aliwaeleza kwamba maji yanapanda kweli, lakini hayafiki mdomoni mwa bomba, kwa hiyo yanarudi humo humo. Mursik unataka nafasi, alisema, lakini haya yanataka kumwagika. Akampa mama yake ndoo.

“Ongeza, mum. Mpaka yafunike bomba.”

Rodah akamimina. Majani ya nje yakatikisika, yakaanza kushuka polepole, yakapotea chini ya bomba, kisha yakaibuka katikati ya mapovu na kumwagikia nje. Yakashuka tena. Weldon akataka pampu izimwe, maji yakatulia. Ikawashwa, yakazunguka. Akalizunguka pipa mwenyewe, akauliza iwapo Winny anaweza kujenga pipa kubwa kuliko hilo pale pale kwenye dimbwi. Winny akasema anaweza, na akataja mahali bomba litakaposimama. Weldon akampa mkono na kusema waanze.

Machozi yalimtoka Rodah na hakujisumbua kuyafuta. Alijivunia mtoto wake mpaka kifua kikamuuma.

Kesho yake sokoni, aliyemsalimia Rodah aliambiwa habari za pipa. Kosa lake hakulificha hata kidogo. Alianza nalo, kwa sababu bila hilo wazee wangeona maji tu, wasimwone Winny.