Wa Pili Ndiye Mkubwa

Iya Sikiru, jirani yetu anayekaanga akara, bajia za kunde, anadai kuwa Ijumaa adhuhuri alipita dirishani kwetu, chumba chetu cha kuchezesha gemu kimefungwa, akamwona mwindaji ndani ya runinga akijikuna nyuma ya sikio. "Kwa mkono wa kushoto!" anasema, na hapo huinua wake, una kunde zilizosagwa mpaka kiwikoni. "Kisha akanitazama mimi. Marehemu Taiwo mtupu!" Kila akihadithia huongeza kitu. Kufika Jumapili, mwindaji alikuwa ameshamwomba maji.

Kuhusu kujikuna hakusema uongo. Ukimwacha mwindaji bila kugusa pedi ya kuchezea, hujikuna. Walioitengeneza gemu ndivyo walivyotaka. Na Taiwo, pacha wangu, alipomuumba alimpa mkono wa kushoto kama wake mwenyewe. Lakini Ijumaa ile mama alikuwa sokoni, na runinga niliizima mimi.

Taiwo alimwacha mwindaji kando ya mto, yeye na mbwa wake, jina TAIWO likielea juu ya kichwa. "Kesho navuka," aliniambia, akauhifadhi mchezo, akaenda kulala. Asubuhi aliamka na homa. Siku ya tatu tukamzika. Sasa ni miaka miwili.

Kwetu Igbo-Ora pacha akifa huchongewa sanamu ya mti, mama yake akailisha na kuiogesha kama mwana. Mchungaji wa mama alikataza sanamu, na mama akatii. Runinga hakuna aliyemkataza. Kila Ijumaa jioni huniambia, "Washa." Nikiwasha, anaweka sahani ya maharage na mafuta ya mawese mbele ya kioo, anakaa hapo mpaka yapoe. Wateja wana wawindaji wao. Huyu hakuna anayemgusa, hata mimi.

Jumatatu Gbolahan, fundi wa pikipiki, akaja na gemu ya pili, mwendelezo wa ile ya mwindaji, uliosubiriwa na mtaa mzima. Mzee Mufu, mteja wetu wa siku zote, alikuwa keshakaa kwenye benchi.

"Ya pili haijawahi kuifikia ya kwanza," alisema Mufu. "Ya kwanza unaingia msituni huoni kitu, unasikia majani tu. Hii inakuonyesha mpaka kucha za chui. Sasa utaogopa nini?"

"Baba, wewe unamwogopa mkeo. Gemu ya nini?" alisema Gbolahan.

"Toka hapa!"

"Halafu ni mji gani huu wa kudharau wa pili? Muulize Kehinde. Kehinde, nani mkubwa?"

"Wa pili," nikasema, maana ndilo jibu. Kwetu anayetangulia kutoka tumboni ndiye mdogo. Ametumwa na mwenzake aje aionje dunia, alie, ili aliyebaki ajue kama inafaa kuishi. Nilimtuma Taiwo, akalia, nikamfuata. Utani huo tumekua nao, ila tangu afe hakuna aliyeurudia. Gbolahan akajifanya anapangusa vumbi kwenye mashine.

Gemu ilipofunguka ikauliza kitu. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, nikamwachia yeye asome.

"Inauliza kama mwindaji wa zamani aingie humu. Yule wa Taiwo." Akashusha sauti. "Atavuka mto, dada."

"Na kule kwenye ya kwanza?"

"Kule anabaki. Inatoa pacha wake tu."

Labda mtu wa mji mwingine angeuliza mara ya pili. Igbo-Ora, mji wa mapacha, ambako kila ukuta una wawili wawili nyuma yake, mimi nitauliza nini? Nikabonyeza kwa kidole changu.

Alitokea ng'ambo ya mto. Jina lilelile. Alikuwa mzuri, kila tone la jasho unaliona. Tukaweka pedi chini, tukamsubiri. Alisimama kama mtu anayepigwa picha. Hakujikuna.

"Zima hiyo," alisema Mufu taratibu.

Nikarudisha ya kwanza. Mto ulikuwapo. Mbwa alikuwapo, amekaa, ubavu ukipanda na kushuka. Mwindaji hakuwapo.

Gbolahan akairudia ile ya pili, akasoma maandishi yale tena, midomo ikimchezacheza. Akavua kofia. "Haikuwa kutoa pacha," alisema. "Ilikuwa kuhamisha."

Wiki nzima alihangaika, akauliza watu mpaka Ibadan. Wote walimjibu kuwa mwindaji akihama hana njia ya kurudi. Mimi nilikuwa nawasha ya kwanza asubuhi kabla ya wateja, namtazama mbwa. Kila asubuhi alikuwa amesogea karibu zaidi na maji. Sikumwambia mtu.

Ijumaa mama akaja na sahani. "Washa."

Nilitangulia kuwasha ile mpya.

Akatazama muda mrefu. "Mtoto wa nani huyu?"

"Ni Taiwo, mama. Amevuka."

"Taiwo nimemzaa mimi. Nakuuliza, mtoto wa nani huyu?"

Nikamwekea ya kwanza, nikamweleza yote: swali, jibu la Gbolahan, kidole changu. Nilingoja anipige. Mama aliweka sahani pale pale pa siku zote. Mbwa, ambaye sasa miguu yake ya mbele ilikuwa majini, akageuza shingo akatutazama.

Mama akachukua pedi, kitu ambacho alikuwa hajawahi kukigusa, akaniwekea mikononi na kuifunga mikono yangu kwa mikono yake.

"Wewe ndiye uliyemtuma mara ya kwanza," alisema. "Alikusikia."

Mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni mwa sahani.

"Mwite, Kehinde. Mwite arudi ale."