Nahodha wa Soseji Wilczek

Jumamosi moja ya Septemba, Leokadia Mroczek alikwenda makaburini na ndoo, brashi na sabuni ya vyombo, kama alivyozoea tangu mumewe Walenty alipozikwa. Alikinga maji bombani, akafagia majani makavu, akapiga magoti juu ya gunia lililokunjwa na kuanza kusugua jiwe kutoka juu kushuka chini. Alisugua jina la Walenty. Alisugua jina lake mwenyewe, lililochongwa pembeni tangu siku ile ya mazishi, na mwaka wake wa kuzaliwa, na nafasi tupu iliyoachwa mbele yake. Alipofika mstari wa mwisho, brashi ikasimama. Mstari ule ulisomeka: Nahodha wa Soseji Wilczek.

Herufi zilikuwa za kuchongwa, za zamani kama zile nyingine, na rangi yake ya dhahabu ilikuwa imefifia. Ndani ya herufi S kulikuwa kumeota kuvu la kijani. Leokadia akalitoa kwa pini ya nywele, kwa sababu uchafu ni uchafu.

Kwenye kaburi la jirani, Genowefa alikuwa akimwosha mume wake wa pili.

"Leokadia, jiwe lako limeandikwa soseji."

"Naliona."

"Za kuchemsha au za kukaanga?"

"Halikusema."

Genowefa akafikiri kidogo, huku akikamua kitambaa. "Afadhali wewe. Wangu alikuwa shabiki tu, hakupewa hata utumbo."

Wakacheka, kisha Genowefa akambebea ndoo yake hadi langoni, maana mgongo wa Leokadia haukuwa mzuri.

Wiki ile klabu ya mpira wa kikapu ya Dolnik ilikuwa imepata mdhamini mpya, Bwana Wilczek mwenye kampuni ya soseji. Klabu hii ilianzishwa baada ya vita na wafanyakazi wa kiwanda cha kioo, ambao walijenga ukumbi wake kwa mikono yao baada ya zamu, kila familia ikileta matofali kadiri ilivyoweza. Waliipa jina la Soseji Wilczek, miaka ishirini kabla Bwana Wilczek hajazaliwa. Kiwanda cha kioo kilifungwa zamani, lakini mpira haukufungwa. Jina ambalo wapuliza kioo wale walilichagua hasa, katika mkutano, kwa kunyoosha mikono, lilikuwa limekwisha kutoka kila mahali. Leokadia alipofika nyumbani alitazama picha ukutani. Vijana kumi waliokuwa wamesimama kifua mbele, Walenty katikati, mwaka walipotwaa ubingwa, walikuwa na mbwamwitu mdogo kwenye jezi, nembo ya Wilczek, ameshika uma. Alijaribu kulitamka jina la zamani mbele ya picha. Mdomo ukasema, "Soseji Wilczek." Akajaribu tena baada ya kunywa chai. Ikawa hivyo hivyo. Ndiyo sababu jina hilo halimo katika hadithi hii.

Leokadia hakuwa mtu wa kugombana. Lakini Walenty, alipokuwa hospitalini na mapafu yake yaliyojaa vumbi la kiwandani, alimwomba jambo moja tu. Hakutaka muziki wala hotuba. Alitaka chini ya jina lake iandikwe alikuwa nahodha wa nini. Leokadia aliahidi, akatimiza. Sasa ahadi ilikuwa imevunjika bila yeye kuivunja, na siku moja yeye mwenyewe angelazwa chini ya jiwe lile, na kumkuta Walenty akimsubiri amuulize.

Siku ya Jumatatu alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu. Alikuwa Radosław Pyka, ambaye Leokadia alimjua tangu akiwa mtoto wa kuchukua mipira iliyotoka nje ya uwanja. Radosław alimsogezea kiti karibu na mabomba ya joto, akammiminia chai mwenyewe, akaweka kipande cha limau bila kuuliza, kwa kuwa alikumbuka.

"Najua umekuja kwa ajili gani, mama. Mjane wa kipa wa akiba wa timu yetu ya mpira wa mikono naye alikuja asubuhi."

"Mwanangu, nani kauza jina?"

"Sisi. Kamati."

"La mwaka huu, sawa. Lakini la Walenty je? Walenty hakuuza."

Radosław alikorogakoroga chai yake ingawa haikuwa na sukari. "Bwana Wilczek alitaka lote, mama. Lililopita, lililopo na lijalo. Alisema hanunui nusu ya ng'ombe. Tungekataa, tungetolewa kwenye ligi, na ukumbi ungefungwa. Watoto mia wanafanya mazoezi mle."

"Kwa hiyo mliuza kitu cha marehemu ili watoto wacheze."

"Ndiyo, mama."

Hakujitetea zaidi, na Leokadia alimshukuru moyoni kwa hilo. Alipoondoka, Radosław alimpa tikiti ya msimu mzima, kiti cha mbele, pamoja na pakiti mbili za soseji. Zilikuwa soseji nzuri. Leokadia alizichemsha, akazila na haradali, na pakiti ya pili akampelekea Genowefa.

Mchonga mawe wa mjini, Ireneusz, alisikia habari akaja mwenyewe na vyombo vyake. Hakutaka malipo, kwani Walenty ndiye aliyemfundisha kurusha mpira kwa mkono mmoja. Alikwangua mstari wote hadi jiwe likawa laini kama sahani. Kisha akaanza kuchonga upya, kwa uangalifu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Alichonga "Nahodha wa," halafu akachonga "Soseji Wilczek," akarudi nyuma kutazama kazi yake.

"Mkono haukubali, bibi," alisema.

"Basi pumzika, baba. Acha pawe tupu."

Akapakwangua tena, akapaacha tupu. Asubuhi yake maneno yalikuwa yamerudi, na kuvu lake. Ireneusz alisikitika sana, akaja kuweka kokoto nyeupe kuzunguka kaburi lote, ili angalau miguu ya Leokadia isizame kwenye tope.

Ikafika Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mji mzima ulikuwa makaburini na maua na mishumaa ndani ya vikombe vya kioo, watu wakisalimiana kwa sauti za chini. Radosław alipita na mkewe, akaweka mshumaa kwa Walenty, akavua kofia.

"Mama, nikuambie mapema. Bwana Wilczek amechoka na sisi, tunafungwa mno. Mwakani ni kampuni ya magodoro."

"Na jiwe?"

"Litajibadilisha lenyewe. Usihangaike."

"Asante kwa kuniambia, mwanangu."

Radosław akaenda zake kwa wafu wake. Genowefa aliyekuwa akisikiliza akasema angalau godoro ni kitu cha kulalia, linafaa mahali pale. Leokadia hakucheka safari hii. Genowefa akaona, akamshika mkono.

Hapo ndipo alipotokea mzee mrefu mwenye fimbo mbili, akiinama ili asigongwe na matawi. Alikuwa Zenobiusz, wa mwisho aliyebaki hai katika wale kumi wa pichani. Alikuwa akiishi kwa binti yake mbali, na mwaka huo binti alikuwa amekubali kumleta. Zenobiusz alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Walenty alikuwa akimrushia mpira kabla hajamaliza kuuomba, na katika maisha yake yote hakuna mtu mwingine aliyemwelewa hivyo.

"Shemeji," alisema, akambusu Leokadia mkono. Kisha akasoma jiwe. Akalisoma mara mbili. "Hi-hi-hiki nini? Walenty alikuwa nahodha wa Kry-kry-kry-kry—"

Leokadia akaiachia brashi.

"—Soseji Wilczek," akamaliza Zenobiusz, akagusa midomo yake kama aliyepoteza jino.

Watu wa makaburi ya karibu walikuwa wamegeuka. Genowefa alikuwa amesogeza kitambaa cha kichwa kutoka sikioni. Ireneusz, aliyekuwa kwenye kaburi la mama yake safu ya pili, alisimama na kiberiti kinawaka mpaka kikamuunguza. Kampuni ilikuwa imenunua jina zima, na jina zima ilikuwa nalo. Kipande hiki cha mwanzo wa jina la zamani hakikuwamo katika ununuzi.

"Samahani, shemeji," alisema Zenobiusz. "Si-si-siwezi kulifikisha."

"Najua. Hakuna anayeweza." Leokadia alilikunjua gunia, akalitandika ukingoni mwa kaburi ili mzee asikae kwenye baridi, akamsaidia kuketi, akaweka fimbo zake mahali atakapozifikia. Kisha akaketi kando yake, mikono mapajani. Mwanga wa mishumaa ulipanda juu ya jiwe, na maneno ya Bwana Wilczek yalisomeka vizuri.

"Anza tena, shemeji," alisema. "Na usiharakishe kumaliza."