Kitenzi Kimoja cha Kiitaliano

Dorca alikuwa amekaanga samaki ufuoni Dunga kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Wateja walimwogopa, madalali walimwogopa, na wenzake walisema hata mafuta yalichemka kwa adabu mbele yake. Sasa neno moja tu lilikuwa linamtoa jasho.

Neno lenyewe lilikuwa "keep", yaani kubaki na kitu na kukitunza, na alilitaka kwa Kiitaliano. Bintiye Akello, muuguzi kule Italia, alikuwa anakuja likizo ya siku kumi pamoja na mwanawe Adongo, msichana wa miaka sita, na mama mkwe wake, Bi Carla, Mwitaliano asiyejua lugha nyingine. Dorca alitaka mjukuu abaki kwake mpaka mwisho wa Agosti. Tangu azaliwe, alikuwa amemwona kwenye simu tu, na mtu hawezi kuipakata simu.

"Mimi na mume wangu hatuna neno, Mama," Akello alimwambia. "Lakini mama mkwe ndiye amemlea mtoto nikiwa kazini. Lazima umuulize yeye."

"Basi nitamuuliza na mdomo yangu. Mtoto haombwi na mkalimani."

Ndiyo sababu akabisha hodi kwa jirani yake, Mwalimu Oluoch, aliyefundisha Kiingereza katika shule ya Kombewa mpaka akastaafu, na ambaye aliachiwa na padri mmoja kamusi ya Kiingereza na Kiitaliano. Dorca alitaka neno moja. Mwalimu alikuwa na kurasa mbili.

"Hii neno iko na maana mingi sana, Mama Akello. Uki-keep kikombe mkononi, hiyo ni *tenere*. Uki-keep samaki isioze, *conservare*. Uki-keep ahadi, *mantenere*."

"Mimi siombi samaki, Mwalimu. Samaki niko nayo."

"Ngoja kwanza! Bado kuna *custodire*. Hiyo ni kuchunga kitu ya thamani, isipotee, isiumie."

"Hiyo. Hiyo ndio yangu. Funga kitabu."

Wiki nzima alilitamka akiwapaa samaki magamba. Alinunua godoro jipya, akaliweka kando ya kitanda chake, kwani kwao mjukuu wa kike hulala kwa bibi yake, asimuliwe hadithi mpaka usingizi umchukue. Dorca mwenyewe alilelewa hivyo. Godoro lile lilimpa furaha ya kitoto, na kila alipopita chumbani alilipapasa.

Jumapili mchana wageni wakafika. Dorca alikuwa amesahau jambo moja: mgeni kwao hapewi chakula kabla ya sala, utambulisho na hotuba, na Mwalimu Oluoch alikuwa amejipa kazi zote tatu. Alisimama na kamusi yake, akamsomea Bi Carla maana zote za "keep", moja baada ya nyingine, pamoja na mifano. Bi Carla alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesomewa mashtaka asiyoyajua. Ugali ukapoa.

"Mwalimu, amina," Dorca akasema, na watu wakaanza kula.

Akanyoosha mkono amtolee Adongo miba ya samaki. Akakuta mkono mwingine umeshafika. Bi Carla alikuwa anamchambua yule ngege, samaki wa ziwani, kwa vidole, vibaya na polepole, akipapasa kila kipande mara mbili kabla ya kumlisha mtoto. Adongo alifungua kinywa bila hata kutazama. Dorca aliona wivu, tena wivu mkali, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

"Akello," akauliza kwa Kijaluo, "huyu mama analala wapi kule, na mtoto analala wapi?"

"Chumba kimoja, Mama, tangu mtoto akiwa na miezi mitatu. Mume wake alikufa mwaka huo. Hajawahi kulala bila Adongo hata siku moja."

Dorca akamfikiria Bi Carla akirudi peke yake kwenye chumba kile, akitandika kitanda kidogo kisicho na mtu. Sasa angemwombaje amwache mtoto? Lakini kumwachilia mtoto nako hakuweza.

Akanawa mikono. Akamshika Bi Carla mkono, akampeleka chumbani, Adongo akiwafuata. Akaonyesha godoro jipya, akamwonyesha mtoto, akajigonga kifua.

"*Custodire*," akasema. "Agosti."

Uso wa Bi Carla ukasawajika. Akamvuta mtoto karibu yake.

Dorca akatikisa kichwa upesi. Akaonyesha kitanda chake mwenyewe, kile kikubwa chenye chandarua, akamgusa Bi Carla begani, akamgusa Adongo, akainua vidole viwili. "*Custodire*. Wawili!" Kisha akajibwaga kwenye godoro chini, magoti yakilia, kuonyesha pale ni pake.

Bi Carla alivitazama vidole vile. Akaketi kitandani, akalia bila kuficha, kisha akacheka na kumwaga maneno ya haraka ambayo Dorca hakuambulia hata moja.

"Anasema tiketi yake inaweza kubadilishwa," Akello akatafsiri kutoka mlangoni, naye akijifuta macho. "Anauliza kama unakoroma."

"Mwambie sana."

Sebuleni, Mwalimu Oluoch alikuwa ameifungua kamusi tena, akitafuta kama kitenzi kile kinaruhusu watu wawili. Dorca akamwambia afunge kitabu, ale samaki.