Kivuli cha Chuma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu tisa walipanda ngazi za zege hadi kwenye ukumbi ulio juu ya karakana ya matairi. Walivua viatu vya njiani, wakajipanga kwenye mikeka ya mpira, taa kali ikiwa migongoni mwao na ukuta mweupe mbele. Kocha alibonyeza saa, ikalia, kazi ikaanza: kulala kifudifudi, kuinuka, kuruka, kulala tena.

Sheria ya kundi ilikuwa fupi. Mmoja akikaa kabla saa haijalia, wote wanaanza upya. Anayewaanzisha wenzake upya mara tatu kwa mwezi, anaaga kundi.

Mmoja wao, mwanamke fundi wa miwani, hakuwahi kukaa. Walimwita Chuma, na jina hilo walimpa siku aliporudi mazoezini, wiki moja na kitu baada ya mimba yake kutoka. Kocha alisema huo ndio moyo anaoutaka, wakapiga makofi. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshagawa nguo za mtoto, na mume alikuwa amesema tusiliongelee tena, mke wangu. Kwa hiyo alibaki na mkeka wake, wa tatu kutoka dirishani. Hakuwa na pengine ambako angeweza kulia machozi yakadhaniwa jasho.

Jumanne moja, raundi ikiwa katikati, vivuli vinane viliendelea kuruka ukutani. Cha Chuma kilikaa chini. Yeye mwenyewe alikuwa bado anaruka.

"Nani amekaa?" Kocha aliuliza.

"Kivuli cha Chuma," alisema mwalimu wa hesabu.

"Aa, kivuli hakijajiandikisha hicho," muuza nyama alisema huku akihema. "Jamani, tusitafutane ubaya asubuhi yote hii."

"Kimepanda ngazi naye, kimo kwenye kundi," Kocha alisema. "Anzeni upya."

Wakaanza upya. Kikakaa tena.

Muuza nyama alisogea ukutani, akakikagua kama anavyokagua paja la ng'ombe kabla ya kulitia shoka. Mkono mmoja kiliuweka kiunoni, mwingine juu ya tumbo.

"Dada, hiki kina mimba. Mke wangu alikuwa anakaa hivihivi. Miezi saba hiyo."

"Sita na nusu," alisema Chuma, bila kuacha kuruka.

Mwalimu wa hesabu alihesabu kichwani miezi ambayo mimba iliyotoka ingekuwa nayo, ikakubali. Akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ndugu zangu," muuza nyama alianza, "labda tungempumzisha..."

"Usinipumzishe!" Chuma alisema. "Kocha, usinitoe. Mimi sijakaa."

"Sijasema umekaa wewe."

"Nitaongea nacho."

"Utaongea nacho nini? Kinachokaa ni akili, mwili unafuata tu." Kocha alifikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, na Chuma ndiye aliyekuwa akimtolea mfano kwa wageni. Kisha akaenda ukutani akazima taa. "Haya. Sasa sioni aliyekaa. Twende!"

Tangu hapo kundi lilifanya mazoezi gizani, madirisha yamefungwa. Muuza nyama alimpiga teke mwalimu mara mbili, akaomba radhi mara moja. "Tutakufa humu, tena bila hata kuagana," alilalamika. Lakini hawakuanza upya tena, na wageni walioletwa kutazama walisikia pumzi zikienda pamoja, wakasema kweli hapa kuna nidhamu.

Mimba ya kivuli ikatimia. Asubuhi hiyo, Kocha alipofungua madirisha, kivuli kilikuwa kimejilaza chini ya ukuta, na ubavuni mwake kulikuwa na kingine kidogo, kikitikisa miguu. Chuma alikuwa amesimama kwenye mkeka wake, anajifuta shingo.

Muuza nyama hakujua amtazame nani. "Hongera, dada," aliuambia ukuta.

"Ahsante," alijibu Chuma.

"Kitaweza kuruka kesho?" Kocha aliuliza.

"Sijui, Kocha."

"Basi taa itabaki imezimwa. Kesho muda uleule, sitaki visingizio."

"Nipo."

Alivaa viatu akashuka. Barabarani alitembea haraka, mikono ikipepea mitupu, kama alivyofundishwa. Kivuli kilimfuata kwa mbali, kimempakata mtoto wake, kikisimama kila mahali palipokuwa na ukuta wa kuegemea. Alifika kazini, akavaa aproni, akauacha mlango wazi kidogo.

Kiliingia saa nne kasoro. Kilijikunja kwenye kona isiyofikiwa na jua, kikaanza kunyonyesha. Chuma alikuwa ameshika lenzi ya mteja kwenye jiwe la kusagia, na jiwe linazunguka. Hakugeuka.