Pampu ya Wifi

Wifi yangu ana gari dogo jeupe analolipenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamume yeyote, na husema hivyo hadharani. Jumamosi alikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima, na safari hii alitaka nguvu zaidi. Injini ilikuwa imeshafungwa turbo kubwa ya kuisukumia hewa. Kilichobaki ni kuilisha mafuta ya kutosha. Kazi hiyo nilipewa mimi: pampu kubwa ya mafuta ndani ya tangi, nozeli nne mpya za kunyunyizia mafuta kwenye injini, na mpira mpana wa kupeleka mafuta mbele. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale gereji tangu nimalize masomo ya jioni. Niliifanya siku mbili, nikitoka tu kukimbia nyumbani kumnyonyesha mwanangu.

Alhamisi tukaenda kulijaribu. Wifi kwenye usukani, mimi pembeni nimeikodolea macho geji ya presha ya mafuta. Nyuma kajikunja fundi mkuu, tunayemwita Sikio kwa sababu haamini kipimo chochote isipokuwa masikio yake.

Kilima cha kwanza gari lilipanda utadhani linateremka. Cha pili, tukiwa katikati, mshale wa geji ukaanza kulala. Injini ikamisi, ikawa inakatakata.

"Toa mguu, wifi!" nilipiga kelele. Injini yenye nguvu hizo ikinyimwa mafuta huyeyusha pistoni, na mashindano ndiyo basi.

"Pampu gani hiyo, jina tu," Sikio alisema. "Turudi nikafunge ya zamani."

"Ya zamani haiwezi kulisha nozeli hizi, Fundi."

"Basi na nozeli zitoke. Kwani zimezaliwa humo?"

Wifi aligeuza gari shingo upande. Kwa nguvu za zamani, mwaka jana alishika mkia.

Tulipofika gereji nilifungua kifuniko cha tangi ili tumwage mafuta. Fuuu! Hewa ikavutwa ndani kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Nikabaki na kifuniko mkononi. Nyumbani nina chupa moja ya maziwa isiyoingiza hewa. Mwanangu akiivuta, chuchu inajikunja, maziwa yanakata, anabaki kulia na chupa imejaa.

Nikainua kiti cha nyuma. Kile kimpira chembamba cha kupumulia tangi kilikuwa kimelaliwa na mpira mpana, kimebanwa kikawa bapa kama utepe. Na mpira mpana niliulaza mimi.

Hakuna aliyeona. Ningeweza kukinyoosha kimyakimya na kusema labda ni hewa tu, tujaribu tena. Sikio alikuwa ameshaokota spana.

"Fundi, pampu haina kosa. Kosa ni langu. Njoo uone."

Akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Umekibana wewe?"

"Mimi."

"Huko jioni hawakukufundisha?"

"Walinifundisha. Nikasahau."

"Jamani, kaka yangu kaoa mkweli!" Wifi akadakia. "Sasa tutaishi naye vipi?"

Sikio hakucheka. Aliweka spana chini. "Kipitishe upande wa pili, ukifunge kisitembee. Nasubiri."

Nilikifunga sehemu tatu, kisha nikapuliza kuhakikisha hewa inapita.

Tukatoka tena. Kilima cha kwanza, cha pili, kile kirefu cha tatu; Wifi anapiga vigelegele, mshale umesimama wima. Kifua cha ovaroli yangu kilikuwa kimelowa maziwa, saa ya kunyonyesha imepita, nami nacheka peke yangu.

Kileleni Wifi aligeuka. "Haya, Fundi, unasemaje?"

Sikio alikuwa amefumba macho. "Sijasikia vizuri. Rudia."

"Huyu mwenzako ana mtoto mchanga anamsubiri!"

"Mara moja tu," alisema, akikaza mkanda kama mtoto aliyeahidiwa bembea. "Halafu hiyo pampu asiiguse mtu."